Pilau ya Damu Safi

Mke mwenzangu hakuwahi kukanyaga kwangu. Tulikuwa na mume mmoja, tukigawana zamu zake bila kukosana hesabu, na siku ya Iddi tulipelekeana sahani zilizofunikwa vizuri. Lakini mguu wake kuingia mtaani kwangu Bwiza, hilo halikutokea. Yeye ni wa mtaa wa Buyenzi, ukoo wa zamani, watu waliosali pale tangu babu wa babu, na ana karatasi ya komini, yaani ndoa ya serikali, pamoja na ndoa ya msikitini. Mimi nilizaliwa Gatumba, nje ya mji, ni muuza vitenge, na ndoa yangu ni ya msikitini tu, maana serikali haimtambui mke wa pili. Kutoka kwake mpaka kwangu ni kuvuka barabara na kutembea kidogo. Tulikuwa tumeifanya barabara ile kuwa mpaka wa nchi.

Kwa hiyo asubuhi aliyosimama mbele ya duka langu nilidhani amekuja kupigana. Nilishika mita yangu ya chuma ya kupimia vitambaa, si kwa nia mbaya, ila mtu hujiandaa.

"Funga mulango," akasema.

Nikafunga. Akanishika mkono, akauingiza ndani ya buibui lake, juu ya titi la kushoto.

"Bonyeza. Unasikia?"

Nilisikia. Kitu kigumu kama punje ya haragwe kavu, kisichokimbia kidole. Nikauondoa mkono wangu haraka, kisha nikaona haya kwa kuuondoa haraka hivyo.

"Juu ya nini unaniletea mi?" nikamuuliza. "Dada zako wako pale pale kwenu."

"Nikiambia dada yangu, adhuhuri Buyenzi yote inalia. We, nani atakusikiliza?"

Nilicheka, ingawa lilikuwa tusi. Alikuwa amesema kweli: mimi sikuwa na mtu wa kumpelekea siri yake. Mwanamke huyu aliyenidharau miaka yote alinitafuta kwa sababu ile ile aliyonidharaulia, na bado nilijiona nimepewa heshima.

Nilimpeleka kwa daktari mmoja ninayemjua kwa sababu hununua vitenge kwangu, mwanamke wa umri wangu, anayetembea hospitali nzima na raba miguuni. Alimpapasa titi, akampapasa kwapani, akampiga picha ya ekografi na kuiangalia kwa muda. Kisha akatueleza bila kuzunguka. Picha haikumfurahisha. Alitaka kufanya biopsi, yaani kuingiza sindano nene kidogo kwenye ule uvimbe na kutoa kipande cha nyama kikapimwe.

"Bila hiyo, mi nabahatisha tu," akasema. "Na mambo hii haitaki kubahatisha."

"Sindano ni chuma?" mke mwenzangu akauliza.

"Ni chuma, mama."

"Basi apana."

Asiye wa kwetu atashangaa. Kwetu kila mtu anajua kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika na kutawanyika. Hakuna aliyefundishwa hilo, na kila familia ina mfano wake: shangazi aliyepasuliwa akafa, jirani aliyechomwa sindano akafa. Kwamba shangazi alikwenda hospitali akiwa amekwisha kuoza upande mmoja, hilo halisimuliwi. Daktari alijaribu kumweleza. Mke mwenzangu alikuwa ameshainuka anatafuta kiatu chake. Daktari akaniomba namba ya simu, nikampa yangu, maana simu ya mwenzangu hupokewa na watoto.

Mume wetu ni fundi wa magari Buyenzi. Jioni ile mke mwenzangu, ndiye mkubwa na mimi mdogo, alimwambia habari yote, na yeye ndiye aliyekuja na jambo la damu. Alikuwa amesikia kwa mteja kwamba kuna labo mjini wanaochukua damu ya mkononi tu na kutafuta kansa ya titi humo humo. Aliipenda habari hiyo kwa moyo wote. Mwanamume aliyetumia maisha yake kuchomoa kijiti cha oili na kukisoma, wewe mwambie kwamba mwili nao una kijiti chake.

"Mafuta ya injini ikiwa safi, injini ni nzima," akatuambia. "Damu ni vile vile."

Wakaenda labo, nami nikaenda nao. Kipimo chenyewe kilikuwa na jina la herufi na namba, na damu ilitakiwa kusafirishwa kwa ndege nje ya nchi. Kijana wa labo alikuwa na adabu na hakutudanganya. Alisema hicho ni kipimo cha alama za uvimbe, akasema pia kuhusu majibu, "Rezilta ikifika, mupelekee dokteri wenu, yeye njo ataisoma." Sisi watatu tulisikia vizuri maneno yote isipokuwa hayo ya mwisho.

Tulingoja. Kungoja damu yako iliyopanda ndege kabla yako ni jambo la ajabu. Mke mwenzangu alikuwa akiuliza imefika wapi kama anayeuliza habari za mtoto aliyekwenda kusoma. Katika siku hizo alinipigia simu mara nyingi kuliko miaka yote iliyopita. Nilianza kumzoea. Ana ulimi mkali, na mimi ninao, na ndimi kali mbili zikikaa pamoja huchekesha.

Karatasi ilipofika, mume wetu aliisomea gereji, kidole chake cheusi kikifuata mistari ya Kifaransa. Kikasimama penye namba, kikahama kwenye kiwango, kikarudi kwenye namba. "Iko chini," akasema. "Iko chini ya kiwango. Normali! Damu ni safi!" Akakaa juu ya tairi, akalia. Sikuwahi kumwona analia. Nami nililia. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisema sikufurahi.

Siri sasa ilikuwa habari njema ya kutangazwa, na Ijumaa iliyofuata mume wetu alichinja mbuzi. Ua wa Buyenzi ulijaa, wanaume kwenye mikeka na mwalimu wa madrasa mbele yao, wanawake nyuma jikoni kwenye moshi. Ilisomwa dua ndefu ya shukrani. Mwalimu alimshukuru Mungu kwa kuisafisha damu ya mja wake, na sote tukasema amin kwa sauti moja. Mkubwa alikaa katikati ya dada zake, amevaa kitenge nilichomkatia mwenyewe dukani, bila kumtoza. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi kwenye sufuria ya pilau.

"Mudogo, leo umepika vizuri," dada yake mkubwa akaniambia, akiwa ameshajaza sahani. "Sumu haujatia?"

"Nimetia upande wako tu."

Wote wakacheka. Huo ndio utani wa wake wenza kwetu. Unapita penye watu wengi, mchana, tumbo likiwa limeshiba. Niliipenda siku ile. Nilijisikia mtu wa nyumba ile.

Halafu daktari wa raba akanipigia simu.

"Mbona hamukurudi?"

Nikamwambia kwa furaha kwamba hakuna haja, damu ilipimwa, ni safi, na pilau tumeshakula. Alinijibu polepole, kama mtu anayepita penye utelezi.

Alinieleza kwamba kansa ikiwa ndani ya mwili huweza kudondosha vitu vyake kwenye damu, na labo hutafuta hivyo vitu. Lakini ikiwa bado ndogo, mara nyingi haidondoshi vya kutosha kuonekana. Nyingine hata ikikua haidondoshi. Na kuna watu wasio na kansa yoyote ambao namba yao hupanda kwa ajili ya ini au jambo lingine. Huko kwenye nchi kubwa, akasema, watu wanahangaika kutafuta kipimo cha damu kitakachoona mapema bila kukosea, na siku wakikipata yeye atakuwa wa kwanza kuweka sindano kabatini. Kile chetu si hicho.

"Sikiliza, mama," akasema. "Damu ikinyamaza, haijasema apana. Nilisikia ile kitu kwa kidole changu. Na we ulisikia kwa chako. Mulete."

Nilikaa chini katikati ya vitenge. Sasa mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na mimi nilikuwa nani? Mke mdogo. Dada angesema, angeitwa mwenye uchungu. Mama angesema, angeitwa mama. Mke mwenza akisema "wewe bado mgonjwa", huyo anamwombea mabaya. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo, na nilitamani sana daktari angempigia mtu mwingine.

Nilianza na mume wetu, zamu yangu ilipofika, baada ya kumlisha vizuri.

"Dokteri anasema damu haitoshi. Lazima biopsi."

Akaacha kutafuna. "Damu ni safi."

"Damu ni safi, lakini ile kitu bado iko. Tairi ya mutu ikipasuka, utamupimia oili?"

Nilidhani hilo litamwingia, fundi kama yeye. Badala yake alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Tulimushukuru Mungu mbele ya watu," akasema. "Mwalimu alisoma. Watu walisema amin. Nirudi niwaambie nini sasa? Mutapike pilau?"

Hapo ndipo nilipoona tulipokuwa tumekwama. Karatasi mtu angeweza kuichana. Dua ya shukrani haichanwi. Kumrudisha mkubwa hospitali kungekuwa kumwambia Mungu kwamba tuliharakisha, na kuwaambia majirani kwamba mbuzi wa watu alikufa bure. Ugonjwa ulikuwa umefungiwa ndani kwa shukrani.

Nikaenda Buyenzi mwenyewe. Nilitaka kumpata mkubwa peke yake, lakini dada yake alikuwa uani anachambua mchele, na masikio yake ni marefu. Sikufika hata katikati ya sentensi.

"Mukewenza ni mukewenza tu," dada akasema, akiuacha mchele. "Damu imesema muzima, yeye bado anamutafutia kaburi."

Nilimtazama mkubwa aseme neno. Aliyekuja kwangu ndiye yeye. Mkono wangu aliuweka yeye. Akatazama chini, akasema, "Rudi kwako, mudogo. Tumeshashukuru."

Iliniuma. Sitaki kusema iliniuma kidogo. Neno lile la kaburi lilifika Bwiza kabla yangu, na wateja wangu wa Buyenzi wakaanza kupita mbele ya duka wakitazama upande wa pili. Waliniambia mpaka methali: kikulacho ki nguoni mwako. Walimaanisha mimi. Nami nilikubaliana nao kabisa, ila mimi nilimaanisha kile nilichokipapasa.

Nilifikiria kuacha. Nilijiambia: mwanamke huyu ana mume, ana dada, ana ukoo, wewe ni nani umlilie? Lakini nikiwa nakata kitambaa, kidole changu kilikuwa kinakumbuka. Nilikuwa nikipiga mstari kwa chaki na kuisikia ile punje. Nilimkasirikia mno. Huwezi kumwekea mtu kitu kama kile mkononi halafu ukamwambia rudi kwako.

Niliwaza nifanye nini, mtu ambaye kila neno lake ni wivu. Nikaona kwamba maneno hayana kazi. Wivu wa mke mwenza una kitu kimoja tu unachokigombania, na mimi nilikuwa nacho.

Jioni ya zamu yangu mume wetu alikuja na mkate wake kwapani, kama kawaida. Nilimsubiri mlangoni.

"Leo hauingii," nikamwambia. "Zamu yangu nimemupa mukubwa."

Akacheka. Akaona sicheki. "Umekasirika?"

"Apana. Dini inaniruhusu, kamuulize mwalimu wako. Mwanamuke anaweza kumupa mwenzake zamu. Nimemupa zangu zote, mpaka siku atakapoenda kwa dokteri."

Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimempikia mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma, harufu inatoka, na yeye ananusa. Kisha akaenda. Nilimla yule samaki peke yangu na sikusikia ladha.

Zamu nyingine alikuja, nikamrudisha. Na nyingine. Buyenzi wakachanganyikiwa, na hilo lilikuwa raha yangu pekee katika siku zile. Mwenye wivu anayemtoa mume? Wengine wakasema nimepata bwana mwingine Mkongo. Wengine wakasema nimemwekea dawa. Mwalimu wa madrasa alipoulizwa akasema ni haki yangu na ni jambo jema, na hapo ndipo walipokosa kabisa cha kusema. Mimi nilikuwa namkosa mume wangu. Ni mnene, anakoroma, anaacha mafuta ya gari kwenye taulo langu, na nilimkosa.

Ndipo mkubwa akaja tena. Safari hii alifunga mlango mwenyewe, akaubamiza.

"Nani amekuambia mi nakosa bwana mpaka unipe sadaka? Watu wote wanajua. Kila asubuhi wananiuliza kama amelala kwangu tena. Unanifanya kicheko!"

"Nenda kwa dokteri, nitamurudisha hapa kwangu leo leo."

"Mi ni muzima!"

"We ni muzima? Basi vua. Nibonyeze mbele yako, tuone."

Akaweka mkono kifuani kwa haraka, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Tukatazamana. Akakaa kwenye mzigo wa vitenge, na buibui lake likamzunguka.

"Imekuwa kubwa," akasema. "Hata siku ile ya pilau ilikuwa imekuwa kubwa. Mwalimu anasoma, mi nimebana mukono hapa, nasema amin."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini? Waliishafurahi."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya hata moja. Nikamuuliza kama ni chuma anachokiogopa. Akasema ndiyo. Halafu akasema hapana. Halafu akaanza kusema bila kunitazama.

"Watanikata titi. Bwana atakaa kwangu kufanya nini? Atakuja hapa moja kwa moja. Zamu ulizonipa, mi naona ni za kuniaga."

Kumbe zawadi yangu ilikuwa imempiga pale pale palipokuwa na jeraha. Nilikuwa nimejiona mjanja, na mwenzangu alikuwa akilala karibu na mume wetu kila usiku akihesabu siku zake za mwisho naye. Nilimhurumia, nikakaa karibu yake kwenye mzigo ule ule.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ule muzee, mi niliolewa naye juu ya zamu. Akikaa kwangu wiki muzima, nitamuua na serikali itanielewa. Anakoroma. Anasimulia injini moja tangu nimujue."

"Ile ya lori ya Uvira," akasema.

"Ile ile!"

Akacheka akilia. Nikamshika mkono.

"Akikuja hapa siku yako, mulango huu atauona kwa inje. Wallahi. Hata kama haungekuwa na matiti yote mbili."

"Na Mungu?" akauliza. "Tulimushukuru bure?"

"Tulimushukuru juu ya damu. Titi bado hatujamuuliza."

Tulikwenda kwa miguu, maana petroli ilikuwa imekosekana tena na gari za mume wetu zote zilikuwa zimelala gereji. Daktari hakutuuliza tulikuwa wapi. Mkubwa alimwambia kwamba atakubali kama daktari mwenyewe atasema bismillahi kabla ya kuchoma. Daktari, ambaye ana msalaba shingoni, akasema bismillahi, vizuri tu. Alimtia ganzi kwanza. Sindano ikalia "ka!", mara chache, na mkubwa akanikamua vidole.

"Kwisha," daktari akasema.

"Hivi tu?"

"Hivi tu, mama."

Basi mkubwa akamgombeza daktari. Alimgombeza kweli, akiwa bado amelala kitandani, kwamba kwa nini hakusema tangu mwanzo kuwa ni jambo dogo hivyo, watu wazima wanapotezewa usingizi. Daktari alikubali kosa. Nilimpenda mwanamke yule.

Ilikuwa kansa. Daktari alitwambia siku ya majibu, mlango umefungwa, mume wetu akiwa amekaa katikati yetu na mikono mapajani. Akasema tumechelewa kidogo, hatukuchelewa sana, na kwa ilivyoonekana ilikuwa bado mahali pake. Titi lilipaswa kuondolewa, kisha dawa zingefuata. Mume wetu aliuliza swali moja tu: damu ilikuwa imetudanganya? Daktari akasema hapana, damu ilijibu ilivyoweza. Swali lile halikuwa la kuulizwa damu. Hata sisi madaktari, akasema, baadaye kidogo tunaweza kuichukua tena, ugonjwa ukishajulikana, kwa sababu kwa wagonjwa wengine ile namba husaidia kufuatilia. Mume wetu aliitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba hataamini tena kijiti chochote maisha yake yote.

Buyenzi waliambiwa na mkubwa mwenyewe. Aliwakusanya dada zake uani, akawaambia, "Damu ilinyamaza, titi limesema. Na aliyenipeleka ni huyu." Akaninyooshea kidole, kwa ukali, kama anayenishtaki. Dada yake mkubwa hakuniomba msamaha. Alinipa kiti, na kwa mtu kama yule hicho ndicho kilikuwa msamaha, nikakikalia.

Akafanyiwa upasuaji. Aliporudi nyumbani nilikuwa nakwenda kila siku kabla ya kufungua duka kumsafisha kidonda, kwa maji yaliyochemshwa na kitambaa cha hospitali, kama muuguzi alivyonifundisha. Alikuwa akigeuza uso ukutani. Hatukuzungumza sana pale. Mahali palipokuwa na titi palikuwa tambarare, pana mshono mrefu, na mimi nilijizoeza kupatazama mpaka pakawa mahali tu.

Zamu ya kwanza ya mkubwa tangu upasuaji ilipofika, jua halijazama, nikamwona mume wetu mlangoni kwangu.

"Amenifukuza," akasema. "Anasema nikuje huku. Hataki nimuone."

Alikuwa amechoka, na mimi nilimtaka aingie. Sitadanganya. Nilivaa viatu, nikafunga duka, nikamshika mkono wa shati nikamvusha barabara kama mtoto.

Mkubwa alikuwa amelala, uso ukutani. "Mupeleke kwako," akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kukusafisha jioni, asubuhi ulisema inawasha," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mume wetu. "Lakini leo mi sisafishi. Nawa."

Akanielewa. Akaenda uani na ile sabuni yake ya kutolea grisi. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akamwaga maji, akanawa tena, akasugua kucha moja moja kwa kijiti. Aliporudi mikono yake ilikuwa myekundu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nianzie wapi?" akauliza. Aliniuliza mimi, lakini mkubwa ndiye aliyejibu.

"Kwa juu. Pole pole."

Akageuka. Mume wetu akaifungua bandeji, akatazama, na hakuondoa macho. Akaanza kwa juu, akifuta kidogo kidogo, akisimama kila mkubwa aliposhusha pumzi. "Hapa inauma?" "Apana. Kidogo." "Na hapa?" Nilisimama nimeshika beseni, nikatambua kwamba mwanamume yule hajawahi kunigusa mimi kwa uangalifu namna ile. Wivu ukanishika, wivu wa kweli, wa kwanza tangu niolewe. Nikaliweka beseni chini karibu na goti lake, nikatoka.

Nililia barabarani wazi wazi, na watu walikuwa wengi. Mwanamke mmoja wa Buyenzi akanikimbilia, ameshaweka mkono kichwani.

"Mukubwa amekufa?"

"Apana," nikamwambia. "Bwana wake anamuosha kidonda."